Kurudishwa Kundini

Katika kanisa la mama yangu, Jumapili ya Meza unaijua kwa masikio kabla ya macho. Mabenchi yanalia, viatu vinaburuzwa sakafuni, watu wanainuka safu baada ya safu kwenda mbele kupokea kipande cha mkate na kigilasi cha divai isiyo na ulevi. Mama yangu hakuwa akiinuka. Alikuwa akigeuza magoti upande mmoja na kukumbatia mkoba wake kifuani ili wenzake wapite. Wakishapita, anayarudisha magoti mahali pake na kutazama mbele, hadi warudi, ageuze tena. Nilikua nikiyatazama magoti hayo. Nikiwa mdogo nilidhani ni kazi aliyopewa na kanisa, kama wengine walivyopewa kazi ya kuimba au kukusanya sadaka.

Kosa lake lilikuwa kwamba hakuwa na pete ya kanisani. Baba yangu alimwoa kwa ng'ombe, kwetu magharibi, mbele ya wazee wa pande mbili. Kisha akamleta Nairobi, hapa Eastlands, katika chumba kimoja cha nyumba za reli, kwa kuwa alikuwa akichomelea vyuma katika karakana ya reli. Walizaa, wakalea, wakazeeka pamoja. Lakini kanisa lilikuwa na jina lake kwa maisha hayo: kuishi pamoja. Watu wanaoishi pamoja, ungedhani ni wapangaji wawili waliogawana godoro.

Baba aliombwa mara nyingi aende kanisani akafunge ndoa upya, na kila mara alikataa. "Nimeshaoa," alikuwa akisema, amekaa kwenye stuli mlangoni, anapuliza chai. "Nikimwoa tena mwanamke yuleyule, nitakuwa nimewaambia wanangu kwamba walitoka kichakani." Hakupandisha sauti. Mama naye hakubishana naye, wala hakuacha kanisa. Jumamosi alikifua kile kitambaa cheupe cha Meza na kukipiga kwa pasi ya makaa mpaka kikose hata kunyanzi moja. Kilianikwa uani kwetu, kwenye kamba moja na ovaroli za baba na nguo zetu za ndani. Aliruhusiwa kukigusa siku yoyote ya juma isipokuwa siku kilipokuwa na mkate juu yake.

Baba alifariki mwaka juzi. Jeneza lake halikuingia kanisani, kwa kuwa mtu ambaye hakuwa mshiriki wa Meza haingizwi. Gari lilisimama nje ya lango, mwinjilisti akatoka na kuomba kando ya bampa, haraka haraka, kama mtu anayeombea chakula huku wageni wana njaa. Nyuma yake mlango wa kanisa ulikuwa wazi, na mabenchi yote yalikuwa matupu. Mama aliweka kiganja juu ya jeneza na hakukiondoa hadi dereva alipowasha gari. Tukaenda kumzika kwetu.

Niseme kidogo kuhusu mimi, msomaji asije akadhani anasomeshwa na mtu wa vyuo. Niliacha shule darasa la saba. Karo ilikuwa shida, lakini shida kubwa ni kwamba mwalimu hakupenda maswali na mimi sikuwa na kingine. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kupitapita. Nimepakia magunia sokoni Gikomba, nimekoroga sabuni kiwandani Baba Dogo, nimepaka rangi nyumba za watu ambao hawakunikaribisha kuketi, nimekuwa utingo wa malori ya kwenda Malaba, mpakani. Sijawahi kukaa kwenye kazi moja mpaka viatu vya kazi hiyo vikaisha. Ila nasoma. Nasoma gazeti lililofungia nyama, nasoma maandishi ya kwenye magunia ya mbolea. Biblia nimeisoma yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye yadi moja ya vyuma vikuukuu nilipokuwa mlinzi wa mchana, kwa sababu ndicho kitabu pekee nilichokikuta kibandani. Niliisoma kama mtu anayesoma barua ya mwenzake, kwa hamu na bila haya.

Matanga yalipokwisha kupoa, mzee mmoja wa kanisa alikuja kwetu alasiri moja. Alikuwa amestaafu kazi ya ofisi kwa baraza la jiji, mtu nadhifu, koti na kofia hata jua likiwaka. Alikuwa wa ukoo wetu kabisa, wa kilima kimoja na baba. Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka safari ya Malaba na nilikuwa nimeketi kitandani nikila viazi.

"Hodi hapa."

"Karibu, mzee. Pita ndani," mama akasema, akamfutia kiti.

Mzee akaketi, akaweka kofia juu ya goti. "Shemeji," akasema, "sasa mlango umefunguka."

"Mlango upi?"

"Wa Meza. Ndugu yangu alikuwa mgumu, Mungu amrehemu. Sasa wewe ni mjane, umebaki peke yako, hakuna kinachokuzuia. Jumapili ya Meza inayokuja kuna wengine wanarudishwa kundini. Utasimama nao mbele. Mimi nitatamka, wewe utafuatisha. Ni maneno machache tu."

"Maneno gani?"

Mzee akakohoa. "Kwamba uliishi katika dhambi ya uzinzi, na unaitubu, na unaomba kanisa likupokee."

Mama akamimina chai. Haikumwagika hata tone. Mimi ndiye niliyerudisha kiazi kwenye sahani.

"Samahani, mzee," nikasema. "Mama unamwita shemeji."

"Ndiyo. Ni shemeji yangu. Baba yako na mimi ni damu moja, unajua."

"Shemeji kwa ndoa ipi?"

Akacheka, akamgeukia mama. "Huyu wako angemaliza shule angekuwa wakili."

"Angemaliza shule angeacha kuuliza," mama akasema. "Kunywa chai, mzee, itapoa."

Lakini swali lilikuwa limeshaingia. Mzee akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mambo ya nyumbani ni ya nyumbani na ya kanisa ni ya kanisa. Kanisa lina heshima yake, akasema. Tukimwacha kila mtu aingie na ndoa yake ya nyama na pombe, heshima ya nyumba ya Mungu itabaki wapi? Nikamuuliza kama mtu anaweza kurudishwa mahali ambapo hakuwahi kutoka. Mama amekaa kwenye benchi lile tangu kabla sijazaliwa. Mnamrudisha kutoka wapi? Hapo mama akanikata jicho, na ukiwa mtoto wa mama yangu, jicho hilo unalitii hata ukiwa na ndevu.

"Nitasimama," akamwambia mzee.

Mzee alipoondoka nilizunguka chumba kile kidogo kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Nilimwambia mama watu hawa walimwacha mume wake nje ya lango kama mzigo uliokosa risiti, na sasa wanataka yeye mwenyewe aseme walifanya vyema. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikusanya vikombe.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi nyamaza hivyo hivyo. Wewe unazurura, unakula popote, unalala popote. Hujui njaa ya kukaa karibu na chakula kila mwezi na kunusa. Mimi nataka kula, mwanangu. Nataka kula kabla sijafa. Na nikifa nataka waniingize ndani."

Ningembishia kama angetaka vyeo au sifa. Alitaka kipande cha mkate, na alikitaka kwa imani ambayo mimi sina, na ambayo sina ruhusa ya kuidharau.

Siku zilizofuata nilitembea na jambo hilo mtaani. Jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu ni mama anayeuza mboga, mtu wa kutoka Mkoa wa Kati, na kanisa lake si letu. Nilimkuta akikatakata sukuma na kisu chake chembamba kilicholiwa na kinoo.

"Niaje, mhubiri?" akaniita. Hilo ndilo jina langu mtaani, kwa ajili ya kusoma kwangu.

Nikamweleza. Akacheka mpaka sukuma ikamponyoka.

"Sisi kwetu tulifungishwa ndoa kwa pamoja, wazee watupu, tumejipanga pale mbele kama kuku wa sokoni. Mzee wangu alisinzia. Mchungaji anauliza, unamkubali? Yeye anakoroma! Nikamfinya, akaruka akasema ndiyo, ndiyo, nitalipa! Alidhani ni mwenye nyumba." Akafuta macho kwa kanga. "Mwambie mama yako aseme tu. Maneno ni upepo. Nilisema yangu, nikaenda nyumbani nikapika. Hakuna aliyekufa."

"Na kama maneno yenyewe ni uongo?"

"Wewe unadhani Mungu hajui?" Akaokota sukuma yake. "Anajua. Hao ndio hawajui."

Nilimheshimu kwa jibu hilo, na bado nilikataa. Nilikwenda Gikomba kuwaona wale niliowahi kupakia nao magunia. Pale sokoni kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Mtu akija na mzigo mgongoni, ameinama, hamwoni anayemkabili, anapiga kelele moja tu, "Mzigo!", na kila mtu anampisha. Mwenye gari anasimama. Askari anasogea. Tajiri mwenye duka anakunja tumbo ukutani. Huulizwi umebeba nini, ni wa nani, wala ulipataje kazi. Aliyebeba ndiye mwenye njia. Nilisimama pale kwenye tope nikitazama, na nikafikiri kwamba hiyo ndiyo heshima niliyoisoma kwenye kile kitabu cha kibandani, na kwamba kanisani kwetu wameigeuza: aliyebeba ndiye anayepisha.

Maana nilikuwa nimetafuta. Amri inasema mheshimu baba yako na mama yako. Nimeisoma kwa mbele na kwa nyuma. Haikuongeza kwamba uwaheshimu kama walifunga ndoa mahali fulani, wala haikusema wasubiri kwanza wakaguliwe. Na huyo wanayemwita Bwana, ishara yake ya kwanza aliifanya arusini, akawaongezea watu divai, na hakuna mstari hata mmoja unaosema aliomba kwanza kuonyeshwa cheti. Alikaa kisimani na mwanamke aliyekuwa ameishi na wanaume watano na wa sita ndani, akamwomba yeye maji. Hakumwambia fuatisha baada yangu. Najua watanijibu kwamba mimi si msomi. Kweli. Lakini ukisoma barua ya mwenzako mara ya kutosha, unaujua mwandiko wake, na ukiona karatasi iliyoghushiwa, unajua.

Mtaani kwetu neno heshima linapigwa kama mpira. Mwenye gari kubwa ana heshima. Aliyezikwa kwa hema la maua ana heshima. Mwanasiasa akija kanisani anatandikiwa kiti chenye kitambaa na kuitwa mheshimiwa, hata kama wake zake hawajulikani idadi, na hakuna anayemwambia asimame mbele atubu. Mama yangu aliyelala na mwanamume mmoja maisha yake yote, ndiye anayepaswa kutamka neno uzinzi kwa mdomo wake. Niliandika sentensi hiyo nikiwa na hasira na nimeisoma tena nikiwa nimetulia, na siifuti.

Jumamosi alasiri nilimkuta uani akisugua viatu vyake vya kanisani. Nikamnyang'anya brashi nikaendelea mimi.

"Mama, ukisema vile, mimi nitakuwa mtoto wa nini?"

"Kwani nitasema juu yako? Nitasema juu yangu."

"Ni kitu kimoja. Na baba je? Hayupo ajitetee."

Alinitazama ninavyosugua. "Kisigino umekiruka," akasema. Sikujua kama ameamua au bado, na nadhani hata yeye hakujua.

Jumapili nilikwenda. Nilikuwa sijaingia kanisani humo kwa muda mrefu, na niliketi karibu na mlango, mahali pa watu wa kuondoka mapema. Mchungaji wetu ni kijana, mdogo kuliko mimi, anayeongea vizuri na kuvaa viatu vilivyochongoka. Baada ya mahubiri aliwaita wanaorudishwa. Walikuwa wachache: msichana mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni, mwanamume aliyekuwa mlevi, mke na mume waliokuwa wametoroka pamoja. Mama alisimama mwishoni mwa mstari, kitambaa chake cha kichwani kimekazwa, mkoba kifuani.

Mzee wa kanisa akachukua kipaza sauti. Akatamka kipande kwa kipande, nao wakafuatisha. Yule msichana alisema maneno yake akitazama sakafu, na mtoto akalia mgongoni. Mlevi alipaza sauti kupita kiasi. Ikafika zamu ya mama.

"Mimi, mbele ya Mungu na kanisa hili," mzee akasema.

"Mimi, mbele ya Mungu na kanisa hili," mama akafuatisha.

"Nakiri kwamba niliishi katika dhambi ya uzinzi."

Mama akaukaza mkoba kifuani.

"Nakiri kwamba niliishi katika dhambi ya uzinzi," mzee akarudia, akamsogezea kipaza sauti mdomoni kabisa. Tulisikia pumzi za mama kwenye spika.

"Mama, umesikia?" mchungaji akauliza.

"Nimesikia."

"Basi fuatisha."

"Nina dhambi zangu, mchungaji," mama akasema. "Nimezileta. Dada yangu tulikosana kwa ajili ya shamba, nikamchukia miaka mingi, akafa kabla sijamwambia neno. Jirani yangu alipokuwa mgonjwa nilijua, nikajifanya sijui, kwa sababu nilichoka. Ulimi wangu umechoma watu. Hizo natubu. Lakini mume wangu simleti hapa kama dhambi."

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee akatabasamu kwa kuwatuliza, kama afisa mbele ya mtu aliyekuja dirisha lisilo lake.

"Shemeji, tunaelewa. Lakini ndoa ile haikuwa—"

"Wewe ulikuwapo."

Mzee akageuka kumtazama mchungaji.

"Ulikuwapo," mama akasema, na sasa alikuwa amemgeukia yeye, si kanisa, ila kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa mzee na kilituletea kila neno. "Ndiwe uliyeshika kamba ya yule fahali mwekundu mlipovuka mto. Mlikuja mmeloa mpaka kiunoni. Nilikuwa nimefichwa jikoni kwa mama yangu, nikakuona kwa upenyo wa mlango. Ulikula nyama ile. Ulikula, ukaomba uongezewe mchuzi."

Kanisa likacheka. Si wote, lakini kicheko kilitoka kwenye benchi la wanawake wazee kikaenea kama maji ya beseni yaliyomwagika. Nyuma kabisa mtu alisema, "Amina!" na mwingine akamwambia shhh.

"Mama, keti kwanza," mchungaji akasema. "Tutazungumza baadaye."

"Nimeketi miaka yote, mwanangu. Tuzungumze sasa. Nilitolewa ng'ombe, wazee wakashuhudia, nikazaa, nikamuuguza, nikamzika. Hakuna siku aliyonifukuza, hakuna siku niliyomkimbia. Kama hiyo ni dhambi, nionyeshe ndoa."

Hakuna aliyemwonyesha. Mchungaji alitazama makaratasi yake, kisha akatangaza kwamba wengine wamepokelewa na mama atapewa muda. Kwaya ikaingiza wimbo haraka. Nilikuwa nimeshasimama pale mlangoni, ngumi zimekunjwa, maneno yamejaa mdomoni, na mama alipokuwa akirudi kwenye benchi lake aliniona. Akatikisa kichwa mara moja. Nikaketi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba kuna ujasiri wa kupiga kelele na kuna wa kunyamazisha mtoto wako.

Walikula. Yeye hakupewa.

Baada ya ibada mzee alitungoja langoni, kofia mkononi.

"Shemeji, umeniaibisha mbele ya watu."

"Nimekutaja, mzee. Ulikuwa shahidi wangu, na shahidi hutajwa."

"Nilikuwa kijana wakati ule. Sikuwa nimeokoka."

"Lakini ulishiba," mama akasema, akafungua mwavuli wake, tukaenda.

Juma hilo mchungaji alikuja nyumbani, peke yake, bila viatu vya kuchongoka. Nasema ukweli, alikuwa na adabu. Aliketi pale alipoketi mzee, akakataa chai kisha akaikubali. Akasema amefikiri, na amepata njia. Mama si lazima asimame tena. Anaweza kuyasema maneno ofisini, wawili tu, mlango umefungwa, naye Jumapili ya Meza atampa mkate kama wengine.

"Maneno yaleyale?" mama akauliza.

"Yaleyale. Lakini hakuna atakayesikia."

"Atakayesikia yupo."

Mchungaji akainamisha kichwa. Sikujizuia, nikamuuliza kama amri ya kuwaheshimu wazazi iliandikwa kwa wenye vyeti tu. Akanitazama bila hasira. Akasema hakuiweka yeye kanuni ile, aliikuta. Nikamwambia mimi nimefanya kazi nyingi na kila mahali nimekuta kanuni ambayo hakuna aliyeiweka na kila mtu anailinda.

"Mchungaji," mama akasema, "nikifa nikiwa hivi, mtaniingiza ndani?"

Akaweka kikombe chini. Angeweza kudanganya, na ningemdharau, ila hakudanganya. "Kwa sasa, hapana, mama. Nitakuja kuomba hapa nyumbani."

Nilitazama uso wa mama. Hicho ndicho kitu alichokitaka kuliko vyote, na alikuwa ametajiwa bei yake mara mbili, ya hadharani na ya sirini. Nilijua kwamba angeinama wakati huo nisingemlaumu. Ningempeleka mwenyewe mpaka mlango wa ofisi ile.

"Basi mtaniombea nje, karibu na bampa," akasema, "kama mlivyomwombea yeye. Tutakuwa tumelingana." Kisha akamwongezea chai.

Nilidhani amekata tamaa na kwamba hatarudi tena kule. Nilimwambia kuna makanisa mengi, ukitoka hapa mpaka Mathare huwezi kutembea bila kusikia spika tatu zinazogombana, na baadhi yao wangempa mkate siku hiyohiyo. Alishangaa kwamba naweza kusema ujinga kiasi hicho.

"Niende wapi? Lile ni kanisa langu. Nimelifagia. Wao ndio wamekosea, mbona mimi ndiye nihame?"

Jumapili ya Meza iliyofuata, mabenchi yalipoanza kulia, mama aliinuka na wenzake. Akaingia kwenye foleni. Mimi nilikuwa nimeketi naye safari hii, na sikujua la kufanya ila kumfuata nyuma, mikono mfukoni, kama msindikizaji wa bibi arusi. Alipofika mbele alinyoosha viganja vyake, kimoja juu ya kingine. Mchungaji aliviona. Alimpa aliyesimama kulia kwake, akampa aliyekuwa kushoto kwake, yeye akamruka. Mzee aliyekuwa amebeba sinia la vigilasi alitazama dari. Mama hakuondoka. Alibaki pale na viganja wazi mpaka foleni yote ikaisha, mpaka wimbo ukaisha, ndipo akashusha mikono na kurudi mahali pake kwa mwendo wake wa kawaida. Hakulia. Nyumbani alipika mchicha, akalalamika kwamba nyanya za siku hizi hazina maji.

Mwezi uliofuata alikwenda tena. Akarukwa tena. Wako wanaokasirika: wanasema anavuruga ibada, kwamba mwanamke wa umri wake angejiheshimu. Neno hilo hilo. Jirani yetu wa mboga humwambia kila mara, "Utachoka, dada," naye humjibu, "Nichoke kwa nini, si ninasimama dakika chache tu?" Yule msichana mwenye mtoto, aliyerudishwa siku ile, sasa husimama karibu na mama kwenye foleni. Akishapokea mkate wake hali mpaka mama ashushe mikono. Mara ya mwisho mkono wa mchungaji, ukiwa na kipande cha mkate, ulisimama juu ya viganja vya mama. Nilikuwa nyuma yake, niliona. Ulisimama hapo kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha ukaendelea.

Njiani nilimuuliza kama aliona.

"Niliona."

"Na kama hatakupa kamwe?"

"Basi atakuwa ananinyima kila mwezi, mbele ya watu, akiniangalia," akasema. "Hiyo si kazi rahisi. Mimi yangu ni rahisi. Nanyoosha mikono tu."

Mimi sijui kama namwamini huyo ambaye Meza ni yake. Namwamini anayemwendea. Watu wa kanisa wakiniuliza siku hizi maana ya heshima, kwa kuwa wananijua kwa maneno mengi, siwapi maneno. Nawaambia waketi upande wetu waangalie.

Leo ni Jumapili ya Meza. Dereva wa lori amenipigia simu tangu alfajiri akitaka kujua kama nitapanda naye kwenda Malaba, nami nimemwambia atafute utingo mwingine. Mama ameshaoga. Anakaza kitambaa chake cha kichwani mbele ya kioo kilichopasuka, ananiambia nifunge kalamu, tusije tukakosa benchi la mbele.